Jiwe la Kando ya Mlango

Harufu ya chokaa mbichi hunikumbusha siku mafundi walipobomoa ukuta mmoja wa kanisa letu la mawe, juu ya Lushoto, ili walipanue. Bibi alinishika mkono, tukaenda.

"Shikamoo, bibi," fundi mkuu alimwamkia.

"Marahaba. Baba yangu alibeba mawe haya kichwani kutoka mtoni. Alikufa kabla kanisa halijaezekwa."

Fundi akaweka nyundo chini. "Lipi ni lake?"

Njiani Bibi alikuwa ameniambia kwamba hajui. Aliupapasa ukuta ule wa baridi kwa muda mrefu, kisha akasema, "Hili."

Fundi alilitoa taratibu, akalijenga kando ya mlango mpya. Bibi aliligusa kila Jumapili mpaka alipofariki. Sasa naligusa mimi.