Chupa Mbili za Mwalimu Wanjugu

Nisikilizeni vizuri, kwa sababu nimechoka kusikia watu wa Molo wakisema ati dada yangu alikuwa mlevi. Mlevi! Wanjugu, ambaye hata uji ukichacha kidogo haugusi!

Mimi ni Rahab, dada yake mkubwa, nauza viazi sokoni. Wanjugu ni mwalimu wa darasa la pili. Tangu utotoni ana kifafa, lakini kwa miaka tisa hakuwa ameanguka hata mara moja, kwa sababu ya vidonge alivyomeza kila asubuhi bila kukosa. Hakuna aliyejua ila mimi na mama yetu. Shuleni wangejua, kazi ingeisha siku hiyo hiyo. Watu wetu bado wanaamini kifafa kinaambukizwa kwa mate. Upuzi mtupu, lakini upuzi huo huo ndio unaofukuza watu kazini.

Mwaka wa sabini na tisa tumbo likaanza kumchoma. Alikuwa akiamka ameshika kifua, anatema maji machungu. Nikampeleka Nakuru kwa Daktari Ratilal, mzee wa Kihindi mwenye maswali mengi. Akasema ni vidonda vya tumbo, akaandika vidonge vipya vya kupunguza asidi. Kabla ya kutukabidhi karatasi akauliza, "Mwalimu, kuna dawa nyingine yoyote unatumia?"

Wanjugu alifungua mdomo. Mimi nikamtangulia. "Hapana, daktari. Hakuna."

Karani wake, mtu wa Molo, alikuwa amesimama mlangoni, na niliogopa maneno yangefika shuleni kabla yetu. Ndiyo, ni mimi niliyejibu. Nikiwakasirikia wengine hapa, mjue nimeanza na mimi mwenyewe.

Tumbo lilitulia upesi. Wiki ya tatu, Wanjugu akaanza kuyumba. Ulimi ukawa mzito, chaki ikawa inamponyoka, macho yakawa yanachezacheza. Siku moja alishika ukuta wa darasa asianguke, watoto wakacheka. Mwalimu mkuu, Bwana Hiram, unadhani alimuuliza kama anaumwa? Ng'o! Aliandika barua: Ijumaa aje mbele ya kamati ya shule aeleze kwa nini anakuja kazini amelewa, la sivyo afutwe. Na hata hakuwa amemkaribia kunusa pumzi yake!

Nilitaka kwenda kumrarulia hiyo barua usoni. Wanjugu akanikataza. Alhamisi tukashuka tena Nakuru, na mlangoni kwa daktari akaniambia, "Dada, leo nyamaza." Akatoa chupa zote mbili mkobani, akaziweka mezani.

Daktari Ratilal alisoma ile ya kifafa, akamwambia afuate kidole chake kwa macho. Kisha akanigeukia mimi. Alikuwa amekasirika hasa, na alikuwa na haki.

"Hii mpya inazuia mwili kuondoa hii ya zamani. Sasa imejaa kwa damu kupita kiasi. Mimi niliuliza, mama. Niliuliza kwa sababu hiyo!"

Wanjugu akauliza kama aache zote mbili.

"Usithubutu! Ya kifafa ukiiacha ghafla utaanguka, unaweza kufa."

Akabadilisha ile ya tumbo, akampa nyingine ya maji, ya kunywa saa kadhaa mbali na ile ya kifafa. Akaandika kipimo cha kila siku, akaandika na barua ya kamati. Njiani kurudi nilimwambia Wanjugu aifiche hiyo barua, aseme tu alikuwa na malaria. Aliikunja tu, akaitia mkobani pamoja na chupa zake.

Ijumaa alisimama mbele yao, akaweka chupa zake mezani. "Sijalewa. Nina kifafa, na hizi ndizo dawa zangu." Mama mmoja wa kamati akavuta kiti chake nyuma. Nilimwona kutoka mlangoni! Walisoma barua ya daktari, wakanong'ona, wakakosa la kumfutia. Hiram akasema arudi kazini. Pole hakutoa.

Baada ya wiki mbili Wanjugu alikuwa anatembea sawasawa, na tumbo limepoa. Nikapeleka viazi vya walimu shuleni, nikawakuta wanangoja chai ya saa nne. Vikombe vyeupe vya bati vilikuwa kwenye sinia kando ya birika, vyote sawasawa. Kimoja kilikuwa peke yake dirishani, kimefungwa uzi mwekundu.

"Hiki ni cha nani?" nikauliza.

Walimu wakaangalia sinia. Wanjugu alikuwa anasahihisha madaftari. "Ni changu," akasema, bila kuinua kichwa.

Haki ya nani! Nikamimina chai katika kikombe hicho, nikainywa yote nikimtazama Hiram machoni. Nikakata uzi kwa meno. Nikakitupa kikombe katikati ya vingine, nikavichanganya kwa mikono miwili mpaka hata mimi nikakipoteza.

"Haya," nikawaambia, "chagueni."

Siku hiyo, kati ya walimu wote, chai ilinywewa na mmoja tu, dada yangu, na alikunywa vikombe viwili.