Neno la Bi Mejumaa Ambalo Sikuliandika

Asubuhi ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ya Alhamisi moja katika miaka ile ya hamsini, nilipokuwa na umri kama wako sasa na kitambaa cheupe kichwani. Najua hukuja kuulizia hiyo. Wewe na wenzako wa chuo cha udaktari mnataka historia ya hospitali yenu, wodi gani ilijengwa lini na nani aliifungua, mpate kuitia kitabuni. Hayo yameandikwa kwenye mawe ya ukutani, yasomeni. Mimi nitakupa lile ambalo halikuandikwa popote, na ukilitia kitabuni, litie pamoja na jina langu.

Hospitali mnayoiona leo na maghorofa yake ilikuwa wodi mbili za mawe na chumba cha upasuaji chenye madirisha ya wavu. Chuo chetu cha ukunga kilikuwa baraza ya stoo, imeezekwa makuti, na tulikuwa wasichana sita. Vifaa vyetu vilikuwa ubao mmoja, nyonga ya mtu iliyochongwa kwa mti, na mtoto wa kitambaa tuliyempitisha kwenye nyonga ile mara nyingi hata akachanika shingo, tukamshona. Msicheke. Chuo kikuu chenu kilianzia hapo.

Baba yangu alikuwa mshona kanzu Diani, nami nilikuwa msichana wa kwanza mtaani kwetu kumaliza darasa la nane. Nilipovaa gauni jeupe nilijiona nimekwisha kuachana na wanawake wa kanga mbili na dawa za mizizi, ingawa mama yangu mzazi alikuwa mmoja wao. Sikumwambia mtu. Lakini lilikuwamo moyoni, na la moyoni hujitokeza lenyewe.

Alhamisi hiyo nilipangiwa mezani pale mapokezi, kuandika majina ya wajawazito waliofika. Kama saa tatu hivi aliletwa mwanamke aitwaye Riziki, kutoka vijiji vya ndani kupita Kombani. Alikuwa amepanda lori la mbata, zile nazi kavu, uchungu umemshika, jasho linamtiririka. Aliyemleta ni Bi Mejumaa, mkunga wa kijijini kwao, mama mtu mzima, mfupi, miguu imejaa vumbi jekundu. Sikumpa shikamoo. Yeye ndiye aliyeanza kunisalimu.

"Hujambo, mwanangu. Nisikiza kidogo kabla hujaandika."

"Jina la mgonjwa ni nani?" nikamwuliza.

"Riziki. Hii ni mimba yake ya nne. Zile tatu nimemzalisha mimi. Mtoto hutoka vyema, lakini kondo la nyuma huchelewa, na damu humtoka kama maji. Mara ya mwisho nusura tumpoteze. Ndiyo maana nimemleta. Mwambie daktari asiende mbali naye leo."

Mwanangu, maneno hayo nayajua kwa moyo mpaka leo. Na sikuandika hata moja. Niliandika jina, kijiji, na mimba ya nne. Nikamwambia, "Bibi, hapa pana wataalamu. Kaa nje." Akamshika Riziki mkono, akamnong'oneza kitu, akatoka.

Daktari wetu alikuwa mmoja tu. Siku hiyo alikuwa na safari ya kisiwani Wasini kuchanja watoto, na kabla ya kuondoka alipita mezani pangu akauliza, "Kuna mgonjwa wa kunizuia?" Nikamjibu, "Hapana, daktari. Wa uzazi ni mmoja, na mimba yake ni ya nne." Akachukua kofia yake, akapanda gari.

Riziki alijifungua adhuhuri, mtoto wa kike mwenye sauti kubwa. Sote tulifurahi. Kisha kondo halikutoka, na damu ikaanza. Sista mkuu, mama wa Kizungu aliyekuwa mwalimu wetu, alifanya kila alilolijua. Alimdunga sindano, alimkanda tumbo, akatutuma tukawatafute jamaa wa kumtolea damu. Jamaa hawakuwako, kwa sababu hakuna aliyewaambia waje. Angalipata habari ile asubuhi, daktari angalibaki, na lori lilelile lingaliwaleta ndugu zake. Riziki aliniomba maji. Nilimpa. Kabla ya alasiri alikwisha kufariki.

Hilo ni kosa la kwanza, na la pili ni kubwa zaidi.

Sista alitoka nje akamkuta Bi Mejumaa ameketi kando ya ukuta. Kwa uchungu aliokuwa nao alimkemea. "Wewe ndiye mkunga wake. Ulijua ana hatari. Mbona hukusema?"

Bi Mejumaa akasimama. Akaninyooshea mkono, si kwa ukali. "Nilisema. Nilimwambia mwanangu huyu."

Sista akanigeukia. "Fatuma, alikwambia?"

Wenzangu wote watano walikuwa wamesimama pale. Niliwaza gauni langu. Niliwaza baba yangu alivyonisifu msikitini. Nikasema, "Hakusema neno."

Basi. Maneno mawili tu. Bi Mejumaa hakubishana. Nani angalimwamini, mwanamke asiyejua kusoma, mbele ya msichana wa darasa la nane? Akakatazwa kukanyaga tena wodi ya wazazi. Akamchukua yule mtoto, akamfunga kwa kanga, akaenda zake. Kwa kuwa alizaliwa Alhamisi, mtoto aliitwa Mwanamisi.

Sikujua uongo wangu ungefika mbali kiasi gani. Wanawake wa vijiji vile walikuwa wakija hospitali kwa sababu Bi Mejumaa aliwaleta. Alipofukuzwa, nao waliacha kuja. Walijifungulia majumbani, hata wale waliokuwa na matatizo, na habari za misiba zikawa zinatufikia siku kadhaa baadaye, kwa watu waliokuja kutibiwa mambo mengine. Sista alikuwa akitikisa kichwa na kusema watu wa ndani ni wagumu kuelewa. Nami nikinyamaza.

Mwaka haujapita, nilikutana na Bi Mejumaa sokoni Kombani. Alikuwa akichagua muhogo, mtoto yuko mgongoni. Safari hii nilimpa shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Mwanamisi huyu, ana meno mawili."

Mtoto akanichekea. Bi Mejumaa akaweka muhogo chini, akaningoja, kama mtu anayengojea mtoto ajifunze kutamka.

"Una neno, mwanangu?"

"Sina, bibi."

"Haya. Mungu akuhifadhi."

Mlango ule ulifunguliwa mbele yangu, nikaufunga kwa mkono wangu mwenyewe. Na haukufunguka tena. Nilipelekwa masomoni zaidi, Uhuru ukaja, baraza ya makuti ikavunjwa, pakajengwa madarasa na bweni, nami nikarudi kuwa mkufunzi. Watu walinisifu. Nilikuwa nikiwafundisha wasichana kumwuliza mgonjwa habari zake kwa subira, na nikifika hapo nilikuwa nikigeukia ubao, nao wakidhani natafuta chaki. Siku moja nikapata habari kwamba Bi Mejumaa amefariki. Sikwenda hata mazikoni.

Miaka ikapita. Mwaka mmoja, kati ya fomu za walioomba kusomea ukunga, nikaona jina la Mwanamisi. Mahali pa mlezi pameandikwa: Mejumaa, marehemu.

Nilimfundisha miaka mitatu. Alikuwa mwanafunzi hodari, mtulivu, mwenye mikono myepesi. Kila siku niliahidi kumwambia kesho. Nilijidanganya kwamba nitamvuruga masomo. Siku aliyohitimu, wenzake wakipigiwa vigelegele uwanjani, nilimwita darasani, nikafunga mlango, nikamweleza yote, tangu lori la mbata hadi yale maneno yangu mawili.

Hakulia. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Bibi alikwisha kuniambia, mwalimu. Nilikuja hapa nikilijua jina lako."

Nikamwuliza, "Mbona hukusema?"

"Bibi aliniusia nisikuulize. Alisema wewe si mtu mbaya, utasema mwenyewe. Alikungoja hadi akafa. Nami nimekungoja miaka mitatu."

Mwanangu, nimezika wazazi wangu na mume wangu. Hakuna lililoniuma kama hilo.

Nikamwomba radhi. Akaniambia amenisamehe upande wake, lakini jina lililochafuliwa si lake, ni la bibi yake, na mahali pa kulisafisha si darasani kwa mlango uliofungwa. Nikaenda kijijini kwao. Nikasimama mbele ya watu, wengine wao walikuwa wamepoteza dada na wake katika ile miaka waliyoacha kuja hospitali, nikasema Bi Mejumaa alisema kweli nami nikasema uongo. Baba yake Mwanamisi, mumewe Riziki, mzee kwa wakati ule, alinisikiliza, akainuka, akachukua fimbo yake akaondoka bila kunijibu. Sikumlaumu. Nilimwandikia pia mkuu wa hospitali, na barua ikasomwa mbele ya wafanyakazi wote. Tangu hapo ikaamriwa kwamba anayemleta mgonjwa aulizwe naye, na anachosema kiandikwe. Mnaifuata amri hiyo hadi leo bila kujua ilitoka wapi. Lakini Riziki hakurudi, na Bi Mejumaa hakuisikia barua ile.

Sasa nisikiza. Utaitwa daktari, na wengi watakaokuja mbele yako hawatajua majina ya magonjwa kwa Kiingereza. Wape salamu kwanza. Yule mama mwenye vumbi miguuni ameshalala na ugonjwa huo nyumba moja, wewe ndiyo kwanza unaukuta; mpe kiti, chukua kalamu, andika asemacho hata kama hukiamini bado. Na siku ukikosea, maana utakosea, sema siku hiyohiyo, mbele ya walewale waliokuwapo. Usimwache mwingine abebe lako. Ukichelewa, aliyekuwa tayari kukusamehe huenda asiwepo, na utabaki ukitafuta msamaha usio na wa kuutoa.

Mwenyezi Mungu akufungulie kifua, mwanangu, akupe masikio mapana na ulimi usioogopa kweli. Ayatie baraka mazazi yote utakayoyashuhudia, mama arudi nyumbani kwake na mwanawe mikononi. Na amrehemu Riziki, amrehemu Bi Mejumaa, na mimi anisitiri siku nitakayokutana nao. Amina.