Mikate Thelathini ya Finjani

Nilifika Bagamoyo kwa miguu, nikitokea Unyanyembe na msafara wa pembe za ndovu. Sikuwa mpagazi, nilikuwa mpishi. Tulitembea miezi mitatu na siku kadhaa, na kila jioni nilichimba shimo, nikapasha mchanga, nikafukia sufuria ndani yake na kuoka mkate, kwa sababu mkubwa wa msafara alikuwa halali bila kula kitu cha ngano. Nimeoka katika upepo wa Ugogo. Nimeoka Usagara kwa kuni mbichi. Tulipolala Msata nilioka wa mwisho kwa unga ulioingiwa na wadudu, na hakuna aliyetambua. Kwa hiyo niliposhuka pwani nilijua jambo moja kwa hakika, kwamba mchanga wa moto unanitii.

Nilikwenda moja kwa moja kwa shangazi yangu, dada yake marehemu baba. Nilikuwa sijamwona tangu utotoni, baba aliponichukua bara. Alinikuta mlangoni nimejaa vumbi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Miguu hiyo ni ya baba yako," akasema. "Ioshe, uingie. Tutaona itatulia siku ngapi."

Ilitulia miaka minne.

Shangazi alikaa na binti yake, aliyekuwa ameachwa na mume na kurudi nyumbani. Wakati wa sherehe shangazi alipika mkate wa mayai kama wapikavyo wote, katika sufuria moja kubwa, makaa chini na makaa juu, kisha akaukata vipande. Ulikuwa mkate mzuri, lakini wa kila nyumba. Mimi nikazichukua finjani zake za kahawa, nikazipaka samli, nikazijaza rojo lile nusu na kuzisimamisha ndani ya sufuria yenye mchanga wa moto. Ikatoka mikate midogo, kila mmoja na kichwa chake cha mviringo. Shangazi aliutazama wa kwanza akauliza kama ni chakula cha kuku. Aliula. Kisha akala wa pili.

Kichwa kile kilikuwa kinaomba kupambwa. Nilitwanga sukari nyeupe mpaka ikawa vumbi, nikaipiga na ute wa yai na matone ya ndimu hadi ikasimama. Jani la mgomba nililibabua motoni ili lisichanike, nikalikunja kama pembe yenye tundu dogo, na kwa pembe hiyo nikachora. Mtoto alipohitimu Kurani nilichora juu ya kila mkate ubao mdogo wa chuo, ule wa kuandikia aya. Kwa harusi niliweka maua ya asumini. Kwa Maulidi nilitia marashi ndani na petali ya waridi juu. Haukupita mwaka, mitaa ya karibu ikawa haifanyi sherehe kabla ya kumtuma mtu kwa shangazi kuuliza kama mpwa wake yuko.

Basi ukaja mwezi wa Ramadhani ninaotaka kuueleza.

Kulikuwa na mkulima wa Mkange, aliyefiwa na mkewe, mtu mpole, aliyetaka kumwoa binamu yangu, yule binti wa shangazi. Mama wa mkulima ndiye asiyetaka. Alikuwa amekuja kufunga Bagamoyo kwa ndugu zake, na maneno yake yalitufikia hata bila kuulizwa, kwamba mwanamke aliyerudishwa kwao lazima ana kasoro katika kutunza nyumba. Shangazi alisema tu kwamba asubuhi ya Idi atampelekea yule mama sinia. Kwetu chombo cha watu hakirudishwi kitupu. Sinia ikirudi na kitu, mlango uko wazi. Ikirudi imeoshwa, ikang'aa, na hamna kitu ndani, shauri limekwisha.

"Sinia niachieni mimi," nikasema.

Nilikuwa na wazo ambalo mpaka leo naliona zuri. Mkate mmoja kwa kila siku ya mfungo. Kila mkate nitaupaka sukari guru iliyochemshwa hadi ikawa nyeusi kama usiku, na juu yake nitachora mwezi wa siku ile kwa sukari nyeupe. Kwanza mwezi mwembamba kama ukucha, kisha unanenepa, unajaa, halafu unapungua. Mikate ikipangwa duara, atakayefunua kawa iliyofunika sinia ataona mwezi mzima wa ibada yake.

Nilioka ishirini na tisa.

Binamu yangu alihesabu. "Kaka, na wa thelathini?"

"Mwaka huu hakuna thelathini. Nimelala nje miezi mitatu nikiutazama mwezi. Naujua."

"Mwezi nao umeshaambiwa?" akauliza, akaendelea kutwanga.

Siku ya ishirini na tisa, baada ya alasiri, nilipamba yote bila kuonja hata ncha ya kidole, maana nilikuwa nimefunga. Magharibi watu walipanda juu ya madari ya nyumba za mawe na wengine wakaenda ufukweni. Mawingu hayakuwapo. Mwezi pia haukuwapo. Mzee mmoja aliyesifika kwa macho alitazama mpaka machozi yakamtoka, akasema, "Kesho tunafunga."

Usiku huo hakuna aliyenicheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Asubuhi binamu yangu alifunua kawa, akanitazama.

"Mwezi wako umetoka jasho, kaka."

Kweli. Hewa ya pwani ilikuwa imeilainisha sukari, na miezi mingi ilikuwa imeteleza kidogo. Hiyo niliweza kuirudia. Ute uliosalia ulitosha, kwa tabu. Lakini mkate wa thelathini ulihitaji mayai. Nilizunguka mtaa kwa mtaa. Kila nyumba ilikuwa imekwisha pika, na kila kuku aliyenisikia alikimbia. Nilirudi mikono mitupu.

"Tupeleke ishirini na tisa," nikasema. "Nani atahesabu?"

"Yeye," akasema shangazi. "Atahesabu kabla ya kukaa. Kisha ataiambia Mkange nzima kwamba nyumba hii imekula siku moja ya Mungu."

Binamu yangu alikuwa amekwisha inuka. Alichukua viini nilivyovitenga nilipotaka ute, akaviongezea tui zito la nazi, unga uliobaki na hiliki, akajaza finjani moja, akaifukia mchangani mwenyewe. Mkate ulipotoka ulikuwa wa manjano, umepasuka kidogo juu. Nilikwangua bakuli nikapata sukari ya kutosha nyota moja.

Akanishika mkono. "Acha. Usiku wa thelathini hauna mwezi. Ya nini kuupamba?"

"Utaonekana kama tumesahau."

"Uonekane."

Mkate ule ulikuwa wake, na shauri lililokuwa ndani ya sinia lilikuwa lake. Nililiweka chini jani la mgomba.

Asubuhi ya Idi sinia ikaenda. Tukakaa na nguo zetu mpya tukijifanya tunazungumza. Adhuhuri ikapita. Baada ya alasiri ikasikika hodi, na aliyeingia hakuwa mjumbe. Alikuwa yule mama mwenyewe, ameshika sinia iliyofunikwa. Binamu yangu akamwamkia. Akaitikia bila kuketi.

"Nani kapika ule usio na pambo?"

Shangazi akafungua kinywa, nami nikajua anataka kusema ni mimi. Binamu yangu akamtangulia.

"Mimi, mama."

"Kwa nini hukuupamba?"

"Siku ile hatukuona mwezi."

Yule mama akaitua sinia. "Ile mingine ni mizuri kwa macho," akasema, "lakini sukari yake imenigusa jino bovu. Huo nimeula wote. Wajukuu waliutaka, nikawanyima."

Akaketi, akafunua sinia. Ndani kulikuwa na mchele mpya wa Mkange, mweupe, na juu yake kikuba, kishada kidogo cha asumini na rihani. Akakichukua akambandika binamu yangu kifuani kwa mkono wake. Shangazi aliingia ndani ghafla, akasema anatazama kahawa, na kahawa ilikuwa mbele yetu.

Harusi ilikuwa kabla ya mvua. Niliipamba mikate mpaka vidole vikakakamaa, na nikiri, ilikuwa kazi yangu bora kuliko zote.

Mwaka uliofuata, Idi pili, mkwe wetu, yule mkulima, aliingia kutoka Mkange na sinia kichwani. Mikate ya finjani ya mkono wa binamu yangu, thelathini, myeusi, yenye miezi. Mistari ilikuwa imenyooka kuliko yangu. Mmoja ulikuwa mtupu, wa manjano, umepasuka juu. Shangazi alinipa huo. Nilipokuwa nautafuna nilianza kuusikia msafara uliokuwa ukifunga mizigo upande wa pili wa mji, ingawa ulikuwapo hapo siku tatu nzima na sikuwa nimeusikia.

Siku ya sita ya Mfungo Mosi, mwezi ule ule wa Idi, niliondoka na sikurudi tena. Shangazi hakunizuia. Alinifungia finjani moja ndani ya kitambaa, akasema nyingine nimezivunja, na nisidhani kwamba hakuona.