Nzi Kumi na Wawili wa Mkia Mwekundu

Wiki iliyopita niliingiziwa kiti karakanani. Nikisema karakana, ndugu yangu, usifikirie kibanda cha mabati. Ni jengo zima hapa Beltsville, Maryland, lina milango miwili ya malori na mafundi kumi na mmoja, na kila mmoja wao nimemfundisha kwa mikono hii. Shule mimi niliiacha darasa la kumi. Leo wenye digrii zao wananibembeleza kwa simu niwavalishie makochi yao kitambaa kipya.

Kiti chenyewe nilikitambua kabla hakijashuka kwenye gari. Ngozi ya kijani, mkono wa kulia umechakaa kuliko wa kushoto. Kilikuwa cha jirani yetu wa zamani kule Greenbelt, mzee wa Kizungu aliyefariki majuzi. Mjane wake alitaka kivalishwe upya ampe binti yao.

Sasa, hakuna kiti kinachokuja kwa fundi mikono mitupu. Ukipenyeza mkono pembeni mwa mto utatoa kalamu, miwani, hata jino la bandia. Mimi nilitoa kijiboksi cha plastiki. Nilipokifungua nikakaa chini sakafuni, mimi mwenye kampuni, mafundi wakinitazama.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo, halafu wewe mwenyewe useme kama sina haki ya kukasirika.

Ilikuwa miaka ile ya mwisho wa tisini, mimi nina miaka kumi na miwili. Mama alikuwa akiwatunza wazee kwenye makao, akitoka zamu moja anaingia nyingine. Ndipo nyanya akaja kutoka Ukambani anilee. Alikuja na furushi la katani na sufu za rangi, akawa anasuka vyondo, vikapu vya kwao, jikoni, muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, ukitokota nyuma yake, madirisha yote yamefunga ukungu. Mimi nilikuwa nimepewa jina la babu, kwa hiyo kwake nilikuwa mume. "Mume wangu, umeoga?" "Mume wangu, hizo soksi zinanuka, utafukuza wageni."

Jirani alikaa mlango wa pili. Kila Jumamosi aliketi kwenye kile kiti cha kijani, mbele yake jiliwa dogo limebana ndoana, naye anaizungushia uzi na manyoya ya jogoo mpaka inafanana na mdudu. Nzi, ndivyo wavuvi wanavyomwita mdudu huyo. Samaki akimwona juu ya maji anadhani ni chakula. Nzi hao walikuwa wa samaki mmoja tu, grayling, mwenye pezi kubwa mgongoni kama kanga iliyoanikwa kwenye upepo. Na huyo grayling hakuwepo Maryland nzima! Anaishi mbali kaskazini, Alaska huko. Nyanya alicheka mpaka akafuta machozi. "Kwetu mtu hunoa kisu akishamwona mbuzi."

Lakini mimi nilinasa. Jirani alinifundisha, akaniazima jiliwa la zamani, nikalifunga kwenye meza ya jikoni. Kisha akaniambia habari ya chama chao cha wavuvi. Kila mwisho wa baridi, watu kumi na wawili walikutana, kila mmoja na nzi kumi na wawili wa aina moja aliowafunga mwenyewe. Kila nzi alivishwa kikaratasi chenye jina la mfungaji. Mwenyekiti aliwagawa katika vijiboksi, na kila mtu akaenda nyumbani na nzi kumi na wawili wa mikono tofauti. Kiangazi, wachache walisafiri nao kaskazini. Mwaka ule mmoja wao alikuwa amejitoa. "Funga kumi na wawili," jirani akasema, "nafasi ni yako."

Basi hapo nyanya akaacha kucheka. Alihamisha kiti chake akakaa kando yangu. Uso wake ulikuwa ule wa kazi. Yale manyoya ya sungura ya kutengenezea mwili wa nzi, yaliyokuwa yakinichachamalia, aliyachukua akayasokota pamoja na uzi juu ya paja lake, kama anavyosokota katani. Yakatulia. Akanionyesha mara moja tu, kisha nikasokota mwenyewe. Kwa mkia alikata sufu nyekundu kutoka kwenye kiondo alichokuwa hajakimaliza. Nilipomaliza nzi wa kwanza nikampa kwa majivuno.

"Mume wangu," akasema, "huyu amefungwa na mlevi. Fumua."

Nilifumua. Nilifunga, nikafumua tena. Msusi wa kiondo haachi mstari mmoja umzidi mwingine hata kwa uzi mmoja, na nzi wangu aliwapima hivyo hivyo, mikia yote urefu wa ukucha wake wa kidole cha mwisho. Mwishowe akawapanga kumi na wawili kwenye kitambaa, akawatazama muda mrefu. "Hata mama yao hawezi kuwatofautisha. Wapeleke. Halafu uniambie kama samaki walikula."

Ukumbi wa chama ulinuka kahawa na makoti yaliyolowa. Mwenyekiti alikifungua kijiboksi changu, akainua nzi mmoja, akainua wa pili, akawaweka sambamba. Akatabasamu lile tabasamu la kumwonyesha mtoto mlango.

"Vya dukani vinapendeza, kijana. Mwaka ujao tuletee vya mkono wako."

"Nimefunga mimi."

"Viko sawa mno."

Nikamwambia anipe jiliwa nifunge pale pale, mbele yao. Wakacheka, wakasema muda hautoshi. Nikamgeukia jirani. Yeye ndiye aliyekuwa akiketi jikoni kwetu nikifunga! Ameona kila fundo, amekula muthokoi wa nyanya sahani mbili! Ndugu yangu, yule mtu mzima alitazama viatu vyake. Kijiboksi changu akakitia mfukoni mwa koti, akasema atanitunzia.

Nyumbani nilimdanganya nyanya kwamba wamewapokea. Kiangazi akarudi Ukambani, na kila nilipompigia simu, kabla ya kuuliza shule au mama, aliuliza, "Mume wangu, samaki walikula?"

"Bado, Nyanya."

Nilimjibu hivyo miaka minne, mpaka alipofariki. Uzi sikuugusa tena mpaka nilipoanza kazi ya viti.

Na sasa, humo ndani ya kijiboksi, kumi na mmoja walikuwa wazima, mikia myekundu kama jana. Wa kumi na mbili alikuwa ametafunwa. Mwili umeraruka, ndoana imepinda, mkia umebaki nyuzi mbili. Kikaratasi chake kilikuwa kimekunjwa chini yake. Mbele jina langu, kwa mwandiko wangu wa kitoto. Nyuma, kwa penseli, mwandiko wa jirani: grayling watatu, asubuhi moja.

Watatu! Na kiangazi ni kile kile, maana mwaka ameuandika pia. Alirudi kutoka kaskazini akakaa kwenye kiti chake cha kijani, ukuta mmoja na jiko letu, na mimi nikimpigia nyanya simu upande wa pili. Alijua samaki wamekula. Angegonga ukuta tu.

Ule ukumbi sasa ni maegesho ya magari. Wale wazee wamekwisha, na nyumba zetu zina watu nisiowajua. Kiti nimekivalisha vizuri, mjane hana kosa, na kazi mbovu haitoki kwangu. Upande mmoja wa mshono ulipanda kidogo, fundi wangu akasema hakuna atakayeona.

"Fumua," nikamwambia.

Jioni nilishika simu, vidole vikaanza vyenyewe kubonyeza ile namba ya Ukambani. Walikula, Nyanya. Watatu.