Injini Iliyokaa Eda

Mume wangu alipofariki, watu walinipa pole ya kila kitu isipokuwa gari. Nani ampe mtu pole ya gari? Ilikuwa pikapu ya zamani, mlango mmoja buluu na mwingine kijivu, na ndiyo aliyochukulia mihogo na ndizi za watu kutoka Ole kuzipeleka sokoni Mkoani miaka nenda miaka rudi. Siku ya maziko ilikuwa imesimama pale pale alipoiacha, uani, chini ya banda la makuti, hatua kumi tu kutoka mlango wa jikoni. Mie nikaingia eda.

Miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba si mchezo. Shangazi yake marehemu alikuja kunikalia. Mtu mwema, Mungu amlipe, lakini kwake kila kitu kilikuwa haramu. Kioo akakigeuzia ukutani. Redio akaitoa chumbani. Wiki ya pili nikamwambia nataka kutoka uani niiwashe gari, maana marehemu alikuwa akiiwasha kila asubuhi, hata siku ambayo haendi popote. Akanitazama kama niliyeomba kwenda ngomani. Akauliza watu wakisikia gari inanguruma kwa mjane watasema nini. Basi nikanyamaza. Mie, ambaye mume wangu alikuwa akisema nina ulimi wa msumeno, nikanyamaza kwa kuogopa maneno ya watu.

Niseme ukweli, sikutaka kuiwasha kwa ajili ya gari. Nilitaka kuisikia. Ile injini ilikuwa na sauti yake, ko-ko-ko-ko, ikipanda mlima inazidi, ikiteremka inapungua. Mimi nilikuwa naijua tangu kona ya msikiti. Nikiisikia tu, naweka chai jikoni, natia maji kwenye birika ya udhu, natafuta kanga safi. Anapozima gari uani, chai ishachemka. Miaka ishirini na sita tuliishi hivyo, na sikumbuki hata siku moja aliyopiga hodi kabla mie sijajua kuwa anakuja. Alipoondoka, kitu kilichonitia wazimu zaidi ni kimya cha alasiri. Ikifika saa kumi masikio yanasimama yenyewe. Najua hakuna kitu, na bado yanasimama.

Siku niliyotoka eda nilioga, nikavaa, nikachukua ufunguo. Majirani walidhani nakwenda kaburini. Nikaenda kwenye gari. Nilikuwa nimeazima betri, nikaifunga mwenyewe, nikapiga stata. Ta! Mara moja tu, basi. Nikarudia. Ta!

Nikamwita fundi kutoka Mtambile, mzee mmoja wa makamo yangu aliyekuwa akimjua marehemu. Akatia spana ndefu chini, akajaribu kuizungusha injini kwa mkono, ikagoma. Akafungua juu, akanionyesha. Ndani mlikuwa mwekundu kwa kutu. Akaeleza kuwa gasketi ilikuwa ikivujisha maji kidogo kidogo, tangu zamani. Gari ikiwashwa kila siku yale maji yanakauka kwa moto, lakini ikilala, yanatuama kwenye chuma. Akasema imekamata, pistoni zimeganda ndani kwa kutu. Kisha akaniuliza, kwa adabu, kwani muda wote huo hakukuwa na mtu wa kuiwasha?

Mtu alikuwepo. Alikuwa ndani, hatua kumi, na ufunguo chini ya mto.

Wiki ile ile nilimuuliza mwalimu wetu wa darsa la wanawake. Akanisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. Akasema mwenye eda amekatazwa kujipamba na kutoka nyumbani kwake bila dharura. Kisha akaniuliza: nani aliyekukataza kuwasha gari uani kwako? Nilirudi nyumbani nimefura kwa hasira, na wa kumkasirikia hayupo. Shangazi alikwisha rudi kwao, na isitoshe sikumuuliza mwenye elimu, nilimuuliza mwenye hofu kama yangu.

Fundi akanipa njia mbili. Ya kwanza, tuing'oe ile injini tuiweke nyingine, ipo iliyotoka kwenye gari iliyopinduka, nzima kabisa, siku mbili kazi imekwisha. Ya pili, tuipeleke bloku, ule mwili wa injini, Unguja kwa meli, ikachongwe silinda, itiwe pistoni kubwa kidogo, irudi, ifungwe upya. Kazi ya wiki na wiki. Mwenyewe alikuwa upande wa ile ya kwanza na hakuficha. Binti yangu kwenye simu kutoka Unguja akawa upande wa tatu: mama, uza chuma chakavu, uje ukae na sisi. Nikamwambia chuma chakavu ni nani, mimi au gari? Akacheka. Mie sikucheka.

Nikamwambia fundi nataka injini ile ile.

"Bi, injini ni chuma," akasema. "Chuma hakina mwenyewe."

"Hicho kina mwenyewe," nikamjibu.

Sikumwambia zaidi. Ningesemaje, mwanamke mzima, mbele ya mwanamume wa watu, kwamba namtamani mume wangu na njia pekee niliyobaki nayo ni kelele ya gari? Nikaona haya. Nikasema ile ile, ile ile, mpaka akachoka, akaifungua, tukaipeleka Mkoani ikapanda meli kama mgonjwa aliyepewa rufaa.

Wiki zile nilikuwa mpweke kuliko eda yenyewe. Kwenye eda angalau watu huja. Sasa pikapu ilikuwa imekokotwa gereji Mtambile, banda tupu, na kwenye mchanga palibaki doa la oili. Nilikuwa nikifagia ua wote, nikifika pale nalizunguka. Napika wali wa watu wawili, nakula wa mmoja, unaobaki nampa kuku. Lakini nilikuwa na tamaa. Nilikuwa nikijiambia vumilia, ikirudi utaisikia, hata kama wewe mwenyewe ndiye unayeiwasha.

Ikarudi. Fundi akaifunga kwa siku nne, akanipigia simu. Nikaenda Mtambile nimevaa buibui langu jipya, ndiyo, kwa ajili ya injini, mtanicheka. Akanipisha kitini, akaniambia washa mwenyewe, Bi.

Nikawasha. Ikawaka papo hapo. Ikanguruma laini, sss, kama cherehani. Nikangoja. Nikakanyaga mafuta. Laini vile vile.

"Mbona haigongi?" nikauliza.

Uso wa fundi ulikuwa umejaa furaha ya kazi, nikaona inavyomtoka kidogo kidogo. "Ile kelele?" akasema. "Ni pistoni zilikuwa zimelegea, Bi, zinapiga ukuta. Ile ilikuwa ugonjwa. Tumeuponya."

Nilitaka kumtukana. Wallahi nilitaka. Lakini mtu amefanya kazi nzuri, utamtukana kwa lipi? Nilimshukuru, nikafunga mlango, nikaondoa gari. Machozi yalinianza kabla sijafika barabarani.

Marehemu alinifundisha kuendesha, leseni ninayo, lakini maisha yangu yote niliendesha yeye akiwa kando yangu, ananiambia punguza, punguza. Siku ile niliendesha peke yangu. Nikapanda, nikateremka, nikafika kona ya msikiti, ilipata kama saa kumi hivi. Pale mguu wangu ukaacha mafuta wenyewe. Nikaiona nyumba yangu kwa mbele, dirisha la jikoni limefungwa kama nilivyolifunga. Miaka yote ile nilikuwa ndani, nasikiliza. Sasa mimi ndiye ninayerudi, na hata kama ile injini ingekuwa inagonga kwa nguvu zake zote, mle ndani hamna mtu wa kuweka chai.