Mapacha wa Shaba

Sarafu ya bibi yangu ni ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na si duara kamili. Fundi aliyeigonga kwa nyundo huko Kilwa, karne nyingi kabla yetu, alikosea shabaha. Pigo lilishuka upande, maandishi ya Kiarabu yakakimbilia ukingoni, nusu ya mstari ikaangukia hewani. Kwenye ukingo mwingine ina kovu. Hilo alilitia bibi mwenyewe alipokuwa msichana, siku alipoitumia kung'olea kifuniko cha kopo la maziwa ya unga.

"Mama alinichapa kwa mwiko," husema, "lakini maziwa nilikuwa nimeshayanywa."

Bibi amezaliwa Shinyanga mjini na amezeekea Shinyanga mjini, na mtaani bado anahesabiwa mtu wa kuja. Majirani zetu Wasukuma wana kwao: mashamba, mifugo, makaburi ya babu zao. Sisi tulikuwa na kipande cha shaba kilichokuja bara na babu yake bibi, mfanyabiashara aliyeifuata njia ya misafara na hakurudi. Kilwa bibi hajaiona hata siku moja. Alichokitaka uzeeni ni kitu kimoja tu: mtu wa Pwani anayezijua sarafu aitazame hii yetu, aseme, ndiyo, hii ni ya huku. Kazi hiyo alinipa mimi, kwa kuwa ndimi mjukuu niliyeshikwa na ugonjwa wa kukusanya sarafu za kale.

Ugonjwa huo nilikuwa nao pamoja na rafiki yangu mmoja, sonara wa Segese. Nilikuwa nimepanga chumba huko, nikiandika riwaya ya wachimbaji, na kila jioni nilikimbilia kibandani kwake kusubiri makarasha, zile mashine za wachimbaji, yaache kelele za kusaga mawe. Tulikaa na simu moja kati yetu tukipekua matangazo ya sarafu mtandaoni na kuwacheka wauzaji. Yeye alikuwa na jicho la dhahabu, mimi nilikuwa nimesoma. Alinionyesha vitundu vidogo kama vya mkate, alama ya shaba iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Nilimwonyesha herufi zilizolegea kama sabuni iliyoloa. Lakini dalili kubwa kuliko zote ni pacha. Sarafu ya nyundo haina pacha, kwa kuwa mkono wa binadamu haupigi mara mbili mahali pamoja kwa nguvu ileile. Ukiona mbili zenye upungufu mmoja, pale pale, ujue zimetoka kwenye kalibu moja.

"Mapacha hao!" sonara alikuwa akipiga kelele, akigonga meza kwa koleo. "Mama yao nani? Leteni mama yao!"

Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Iddi moja nilimleta nyumbani Shinyanga. Alikula pilau, akamwamkia bibi kwa Kisukuma, akamwomba amsimulie habari za sarafu. Bibi akamsimulia yote, pamoja na mwiko.

Wakati wa kurudi Segese bibi alinikabidhi sarafu niipige picha nzuri, kwa lenzi na taa za sonara. Picha nilipiga. Kesho yake nikaitwa Bugarama msibani, nikaiacha sarafu juu ya meza yake ya kazi.

Wageni huniuliza niliwezaje kuiacha. Hawajaishi Segese. Pale dhahabu haiondoki machoni pa mwenyewe. Ndugu wa tumbo moja wanaipima wakitazamana, na mchimbaji akienda chooni huenda nayo mdomoni. Shaba haitazamwi na mtu. Nyaya za shaba zinalala uani na hakuna anayeinama kuziokota. Mji mzima umefunzwa kuogopa wizi wa kitu kimoja tu, na mimi nilikuwa nimeshakuwa wa mji huo. Niliporudi niliikuta sarafu pale pale nilipoiacha, kovu likiwa limenielekea. Utajuaje umeibiwa, na kitu chako hiki hapa?

Miezi ilipita. Nilimaliza riwaya, nikarudi nyumbani, nikaziweka picha kwenye kundi la wakusanyaji. Mle mna bwana mmoja wa Pwani ambaye akishasema, wengine huweka dole gumba na kunyamaza. Alijibu kwa ujumbe wa sauti. Bibi alikuwa uani akichambua mchele, akanipungia mkono: fungulia tusikie sote.

"Dada, pole," ilisema sauti, laini, yenye haraka. "Hiyo ni feki. Nimeshaziona nyingi, zote zimepinda hivyo hivyo, zote zina kovu hilo hilo. Usimlaumu aliyekuuzia, siku hizi wanatengeneza vizuri."

Bibi hakuinua macho. Alitoa chuya moja, akaitupa. "Aliyekuuzia," alisema. "Nani kauza?"

Niliyapekua matangazo. Zilikuwepo, zimepangwa kwenye vitambaa vyekundu, sarafu yetu na sarafu yetu na sarafu yetu. Na chini ya kila picha, hadithi: msichana, kopo la maziwa, mwiko.

Nilipanda gari la asubuhi kwenda Segese.

"Wangaluka, mwandishi!" sonara alinipokea kwa salamu ya Kisukuma, mikono wazi. Sikuitikia. Nilimwekea simu mezani. Aliitazama kwa muda mfupi, kisha akaendelea kusugua pete.

"Nimekuibia nini?" aliuliza. "Sarafu yako si unayo?"

"Inaitwa feki."

"Na nani? Yule wa Pwani? Basi hajui kazi. Shaba ikipoa inasinyaa, nakala ni ndogo kuliko mama. Mwambie aipime."

"Picha haina ukubwa, na wewe unajua. Waambie kundini uliinakili. Waambie ya bibi ndiyo mama yao."

Alicheka bila sauti. "Niwaambie, halafu? Hapa neno feki likikugusa, hakuna anayeweka dhahabu yake mezani kwako tena. Nina watoto, dada."

"Na hadithi ya bibi je?"

Hapo aliacha kusugua. "Bila hadithi haiuziki," alisema. "Wewe unalijua hilo kuliko mimi."

Kalibu alinipa mwenyewe, kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani. Niliipasua barabarani, pikipiki zikapita juu ya vumbi lake. Haikusaidia kitu. Watoto walikuwa wameshatawanyika.

Nyumbani bibi alitaka kusema mwenyewe na yule bwana. Nilimshikia simu, naye akaisogelea kama mtu anayenong'ona dirishani. Alianza kwa salamu ndefu, akataja babu yake, njia aliyopita, mji aliotoka. Akafika kwenye kopo la maziwa, nikatamani kumzuia, na sikumzuia. Alimaliza hivi: "Mwanangu, mimi siuzi. Nataka tu unitambue."

Jibu lilikuja kwa maandishi. "Hadithi hii nimeshaisoma kwenye matangazo. Siku hizi kila feki ina bibi yake." Baada ya hapo tukatolewa kundini.

Nilimwambia bibi mtandao umekatika.

"Nisomee," alisema.

Nikasoma. Alilainisha kanga yake magotini. Nilikuwa tayari kwa kilio, au kwa yale matusi yake ya kistaarabu ambayo mtu huyaelewa akishafika nyumbani kwake.

"Na huyo kijana wa Segese," aliuliza, "mimi kaniandika vipi?"

Sikutaka. Alisisitiza, nikalifungua tangazo na kumsomea. Mwiko ulikuwepo, maziwa yalikuwepo. Lakini mwanzo alikuwa ameubadilisha ili biashara imkubalie. Mwanzo huo ulisema kwamba sarafu hii imetoka mkononi mwa bibi mmoja mzaliwa wa Kilwa, aliyekulia huko ufukweni, akioga baharini kila asubuhi na mama yake, anayejulikana na kila nyumba ya mji ule.

Bibi alikuwa ameinamisha kichwa upande, kama anasikiliza mlango wa mbali.

"Nirudie hapo pa Kilwa," alisema.

Nikarudia.