Darasa Lililohamia Shambani

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu pale Nyololo, mwanangu, nilipofungua mlango wa darasa la sita nikakuta madawati matupu. Hata mtoto mmoja hakuwepo.

Nilikuwa mwalimu kijana, nimetoka chuoni Iringa juzi tu, na nilidhani utii ndiyo elimu yenyewe. Nikachukua fimbo. Mama mpika uji wa shule akanionyesha njia kwa kidole, huku akicheka.

Niliwakuta nyuma ya nyumba ya kina Upendo, mwanafunzi wangu ambaye hakuwa ameonekana tangu shule zifunguliwe. Mama yake aliteleza na mzigo wa kuni akavunjika mguu. Magugu yakaanza kuyameza mahindi, na binti akabaki shambani peke yake. Akiliacha shamba, nyumba itakosa chakula. Akilishika, shule ndiyo basi.

Sasa darasa zima lilikuwa limejipanga shambani, wakubwa wakilima, wadogo waking'oa kwa mikono, matope hadi magotini. Upendo alikuwa katikati yao, anaimba.

"Kamwene, mwalimu," bibi yake alinisalimia kutoka kibarazani. "Hiyo fimbo inapalilia?"

"Kamwene, bibi. Haipalilii."

"Basi iegemeze hapo ukutani. Lile jembe la mpini mfupi halina mtu."

Watoto wakaangua kicheko. "Mwalimu, pita mstari wa Baraka! Anaacha mizizi!"

"Mwongo wewe!" Baraka akafoka, akarudi nyuma kung'oa.

Nikainama nikalima nao. Wiki iliyotangulia niliwaandikia ubaoni wajibu wa raia mwema, wakanakili kimya. Kumbe walikuwa nao kabla sijashika chaki.

Jumatatu iliyofuata, shamba likiwa limekwisha kupaliliwa, Upendo aliingia darasani, kucha zingali na udongo.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Wewe unayekwenda kufundisha, usimpe mtoto wajibu kwa mdomo tu. Mwonyeshe jirani mwenye shida, kisha shika jembe lako. Naye akikutangulia, mfuate bila kuona haya. Mola akujalie darasa la kukushangaza, na moyo wa kushangaa.

Niliwauliza watoto wale mmoja mmoja nani aliwaongoza. Kila mtoto alijibu, "Ni sisi, mwalimu." Nimestaafu, nimehamia huku Ilomba, na mpaka leo sijamjua aliyekuwa wa kwanza kusema, "Twendeni."